Idara ya Mtu Mmoja

Kengele ya shule ile ni kipande cha reli. Kimefungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, na chini yake, juu ya mzizi uliojitokeza, hukaa nondo fupi ya kugongea. Saa moja kasoro robo asubuhi kiranja wa zamu, kijana wa kidato cha pili, aliichukua ile nondo akagonga mara nne, na mlio ukaenda mbali kuliko kengele zote nilizowahi kuzisikia shuleni. Wanafunzi waliokuwa wanafagia waliacha fagio palepale wakakimbilia paredi. Mimi nilisogea nikakipapasa kile chuma. Pembeni kimeliwa na kutu, lakini pale kinapogongwa pamekuwa peupe, panang'aa kama makali ya jembe linalolimiwa kila siku.

"Hiyo ya Waingereza," mwalimu wa zamu aliniambia. "Ya treni ya karanga. Treni ilikwenda zake, kengele ikabaki."

Nilikuwa nimekwenda Nachingwea na Ruangwa kwa shughuli ambayo ukiitaja ndani ya basi watu wanakutazama mara mbili: kuangalia idara za taaluma za shule za sekondari. Waandishi wanaoshuka kusini hufuata bei ya korosho, au madini, au mechi ya timu ya Namungo. Mimi nilifundisha Jiografia miaka sita kabla ya kuingia kwenye uandishi, na tangu niiache chaki kuna swali limekuwa likiniwasha. Yale malengo tuliyokuwa tukiyaandika kila wiki kwenye andalio la somo, yanayoanza na "mwanafunzi aweze", huwa yanaishia wapi? Nikaona niyafuate hadi mbali kidogo, mahali ambapo nisingekutana na mtu ninayemjua.

Safari yenyewe haina mengi. Mbagala alfajiri, Daraja la Mkapa kuna mwanga, chai ya Nangurukuru. Kabla ya hapo, Somanga tulipita mwendo wa jongoo, maana eneo lile ndilo lililokatwa na mafuriko ya Kimbunga Hidaya Mei 2024 na barabara ikawa habari ya taifa. Mnazi Mmoja pale Mingoyo wenye kwenda Mtwara wakashuka, sisi tukashika mkono wa kulia. Masasi nililala. Asubuhi nikapanda gari dogo la Nachingwea, nikabanwa kati ya gunia tupu za korosho na mama mmoja aliyenikabidhi mtoto wake nimpakate bila kuniuliza jina. Ilikuwa Oktoba ya mwishoni. Mabibo yalikuwa yameanza kudondoka na kuoza chini ya mikorosho, na kila dirisha lilipofunguliwa iliingia ile harufu tamu yenye ukali, harufu ya uraka unaojipika wenyewe bila mpishi.

Mji wa Nachingwea ukiushangaa umejengwa kwa mapana namna hii, barabara zake zimenyooka na miti imepangwa mistari, jibu ni lilelile la kengele. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kukagua, wakarudi London na ripoti, na 1947 Mpango wa Karanga ukaanza Kongwa, Urambo na huku kusini. Zilikusudiwa kufyekwa ekari zaidi ya milioni tatu, takriban nusu yake katika Jimbo la Kusini. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ikachimbwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli hadi hapa, ikafika 1949. Lakini Kongwa udongo ulikuwa umekwisha kukauka ukawa sakafu, mvua ikakataa kufuata ripoti, na fedha zilikuwa zinaelekea ukingoni kabla Nachingwea haijapata hata nafasi ya kushindwa vizuri. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana nao, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli iliendelea kupumua kwa shida, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Leo kuna kata inaitwa Stesheni. Ukishuka hapo utaona maduka, bodaboda, mama wa vitumbua. Treni huioni.

Nakumbuka nilivyokuwa nikilifundisha somo hilo. Sababu za kushindwa: moja, udongo, mbili, mvua, tatu, zana, nne, uongozi. Wanafunzi walikariri wakapata alama zao. Sikuwahi hata siku moja kuwauliza wao wangempimaje mtu anayepanga shamba la ekari milioni tatu kabla hajalala usiku mmoja kijijini. Ndiyo maana nilipoingia ofisi ya walimu asubuhi ile, kitu cha kwanza nilichokitafuta ukutani kilikuwa chati ya idara.

Ipo. Kila shule ya sekondari Tanzania inayo. Juu kabisa mkuu wa shule, chini yake makamu, kisha mistari inashuka: taaluma, nidhamu, malezi, elimu ya kujitegemea, afya. Kutoka kwenye taaluma linatoka tawi la idara: Sayansi, Hisabati, Lugha, Sayansi ya Jamii, Biashara. Imechorwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya manila ya njano, mistari imepigwa rula, na kila kisanduku kina jina la mkuu wa idara na wajumbe wake. Ukiitazama kwa mbali unaona wizara ndogo. Ukiisogelea ndipo unaanza kuona majina yanarudi. Mkuu wa idara ya Hisabati ni fulani. Wajumbe wa idara ya Hisabati: fulani huyohuyo. Na fulani huyohuyo yupo pia chini ya Sayansi, kwenye Fizikia.

Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliona ninavyokodoa.

"Mwalimu," nikamuuliza, "kikao cha idara hii huwa mnakifanyaje?"

"Anajiita, anafika kwa wakati, akidi inatimia," alisema. "Kisha anaandika muhtasari analeta kwangu. Hajawahi kupinga hoja."

Ofisi nzima ilicheka, hata mkuu wa idara mwenyewe, aliyekuwa anasahihisha madaftari dirishani. Kisha mama akafungua faili la ikama akanionyesha. Wa Kiswahili, Historia na Jiografia wapo, tena wanatosha kugawana madarasa. Kwenye Fizikia na Hisabati ndipo penye pengo. Hili si jambo la shule moja wala wilaya moja. Mwalimu yeyote wa nchi hii atakwambia kwamba mhitimu wa Fizikia ni mali adimu na akipatikana mji humvuta. Hapa pengo limezibwa kwa kijana wa kujitolea, kahitimu chuo kikuu, anasubiri ajira, wazazi wanamchangia nauli na kodi ya chumba. Yeye hayumo kwenye chati. Chati ni ya watumishi.

Nikaomba nione maandalio ya somo. Hapo ndipo moyo wangu ulipokwenda mbio, kama mtu anayekutana na mchumba wa zamani. Jedwali ni lilelile, ila maneno yamebadilika. Zamani zetu tuliandika lengo kuu na malengo mahususi. Baadaye, kwa mitaala iliyoanza 2005, ukaja umahiri, na sasa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeukaza zaidi: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli kuu, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji. Mwanafunzi haambiwi tena "aweze kutaja". Anatakiwa aweze kutumia, kubuni, kutatua. Vitenzi vizuri. Nilivisoma vyote na sikukuta hata kimoja cha kukataa. Tatizo la vitenzi hivi ni kwamba vina njaa. "Kutaja" hula chaki tu. "Kubuni" hutaka vifaa, muda, darasa lisilojaa, na mwalimu aliyelala usingizi wa kutosha.

Niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, kipindi cha Baiolojia. Mwalimu ni binti wa miaka kama ishirini na saba hivi, sauti yake ndogo lakini haichoki. Mada ilikuwa himaya ya kuvu. Aliandika kichwa cha somo ubaoni kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kiingereza, akauliza swali kwa Kiingereza. Darasa likawa kimya. Si kimya cha utovu wa nidhamu, ni kile kimya cha heshima ambacho kila mwalimu wa sekondari wa nchi hii anakijua: macho yako ubaoni, midomo imefungwa, kila mmoja anaomba asinyooshewe kidole yeye.

Binti hakuhangaika. Alifungua kitabu chake cha kumbukumbu akatoa gazeti lililokunjwa, na ndani ya gazeti jani la mkorosho alilolikausha tangu Julai. Lilikuwa na vumbi jeupe kama limenyunyiziwa unga wa muhogo.

"Hiki ni nini?"

"Ubwiriunga!" Darasa zima, kwa mpigo mmoja, hadi wa darasa la jirani wakacheka.

Sasa mikono ikawa juu. Kijana wa dawati la tatu akaeleza kwamba ugonjwa huo hupenda maua na majani machanga, kwamba baba yake hupuliza salfa alfajiri kabla umande haujakauka ili ile poda ishike, na kwamba ukichelewa wiki moja maua yanakuwa meusi na msimu umekwenda. Msichana mmoja akapinga: kwao walichelewa wakapata. Wakabishana. Mwalimu akawaacha kidogo, kisha akaanza kuchora ubaoni safu tatu: wanavyosema nyumbani, Kiswahili cha kitabuni, Kiingereza cha mtihani. Ubwiriunga ukakaa safu ya kwanza. Uzi wa kuvu, safu ya pili. Ya tatu wakaijaza pamoja, taratibu, wakitamka kila neno mara mbili.

Nilitazama saa. Kipindi ni dakika arobaini. Dakika kumi na tano zilikwenda kwenye kile kimya, na ishirini na tano zilizobaki ndizo zilikuwa shule. Mtihani wa kidato cha nne hautauliza ubwiriunga kwa jina hilo, na lugha ya kufundishia sekondari, hata baada ya mabadiliko yote ya mtaala, bado ni Kiingereza. Binti yule analijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo anafundisha somo mara mbili kwa mshahara mmoja.

Mchana nilipelekwa kwa mwalimu mstaafu, jirani wa shule, ambaye kila mgeni wa elimu hupelekwa kwake kama vile mtalii anavyopelekwa magofuni. Nilimkuta uani anabangua korosho za kula mwenyewe, kopo la majivu pembeni kwa ajili ya mikono. Shikamoo, marahaba, karibu mkeka. Nikamweleza habari za mkondo wa amali, kwamba sasa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kufuata elimu ya jumla au ya amali, akatoka na ujuzi wa kazi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe umezaliwa lini?"

Nikamwambia.

"Basi hukuuona." Akaendelea kubangua. "Sisi tulikuwa na michepuo. Kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Kila shule na mchepuo wake. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, miaka michache baadaye michepuo ikaingia sekondari. Mimi nimefundisha kilimo. Nilikuwa na trekta! Trekta lilipoharibika tukawa na majembe. Majembe yalipoisha tukawa na nadharia."

Hakuwa na uchungu. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza mvua za mwaka fulani. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Kilichoua mchepuo wa kilimo, kwa maoni yake, si ukosefu wa trekta. Shamba la shule lilianza kutumika kama adhabu: mchelewaji akalime, mtoro akalime, aliyezungumza Kiswahili darasani akalime. "Ukishamwadhibu mtoto kwa jembe, andika malengo yoyote unayotaka."

Nilipoaga alinipa korosho za moto ndani ya karatasi ya daftari la mtihani. Nikiwa njiani nikasoma karatasi: swali la nne, eleza faida tano za kilimo.

Kabla ya kuondoka Nachingwea nilitaka kuona Farm 17. Jina lenyewe ni la Mpango wa Karanga, shamba namba kumi na saba, lakini lilipata maana nyingine kuanzia 1965, pale Tanzania ilipowapa Frelimo mahali pa kujifunzia vita. Samora Machel aliongoza mafunzo hapa. Wachina walifundisha hapa. Lakini kwa mtu wa taaluma kinachovutia ni ratiba yao. Mpiganaji alifika hajui kusoma, akapangiwa anayejua. Asubuhi silaha, mchana shamba, jioni herufi. Kusoma, kuzalisha na kupigana havikuwa idara tatu, vilikuwa siku moja. Wanawake waliingia mafunzoni kuanzia 1967, na kuna waliotoka hapo makamanda kabla hawajatoka na cheti chochote. Tarehe 24 Mei 1975 Machel aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kuteremka Msumbiji yote hadi Maputo, uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisingekuwa mwalimu wa haki. Mwezi huohuo wa Mei, hapahapa Nachingwea, wapinzani wa Frelimo akiwemo Mchungaji Uria Simango walisimamishwa mbele ya umati kusoma maungamo yao kwa karatasi, na hawakuja kuonekana tena wakiwa huru. Shule iliyojua kabisa inataka mhitimu wa namna gani ilijua pia imfanyeje asiyefaulu. Ndiyo maana sichekelei sana mtu anaponiambia kwamba kasoro ya elimu yetu ni kukosa lengo moja lililo wazi.

Nyasi zilikuwa kavu. Kwa mbali vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa wanakimbia na nyimbo zao. Nachingwea ina kambi ya JKT, na wahitimu wa kidato cha sita hupangiwa huku pia. Kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la mji huu.

Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi 1995 ilipopewa wilaya yake, na ukifika utahisi ni mdogo aliyemzidi kaka yake urefu. Lami kutoka Nanganga, kilomita 53, imebadilisha mahesabu ya kila kitu. Kuna uwanja wa mpira wenye jina la Majaliwa, na siku Namungo inacheza nyumbani huwezi kupata chumba cha kulala. Mwenye jina, Kassim Majaliwa, mbunge wa hapa kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kwa miaka kumi kuanzia Novemba 2015, alianza maisha kama mwalimu, jambo ambalo walimu wa Ruangwa hulitaja kwa sauti ileile ambayo watu wa Kigoma huwataja wanamuziki wao.

Shule niliyoitembelea Ruangwa ina kidato cha tano na sita. Nilijipitisha kwenye ubao wa matangazo kutazama tahasusi. Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65: za lugha, za michezo, za sanaa, za dini, za biashara. Kwenye karatasi ni soko la Kariakoo. Hapa zipo tatu. Mwalimu wa taaluma hakujitetea. "Tahasusi ni walimu," alisema, basi. Nikamuuliza msichana mmoja wa kidato cha tano, aliyepangwa kutoka Kagera, aliichagua ipi. Alicheka. Aliandika chaguo lake kwanza, akapata la tatu, akapanda basi siku mbili. Hakuwahi kuuona mkorosho kabla ya hapo. Alidhani korosho huchimbwa kama karanga. Sasa anamfundisha mama yake kwa simu jinsi ya kuzikaanga.

Idara ya Kemia ndiyo iliyonikalisha Ruangwa siku moja zaidi ya nilivyopanga. Maabara yake ni tunda la lile agizo la Rais Kikwete la 2012, kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kuta zilisimama nchi nzima kwa michango, kwa sungusungu, kwa mbuzi waliokamatwa kwa wasiochanga. Vilivyo ndani ya kuta ni habari nyingine. Hii niliyoiona ina meza za zege, masinki meupe yasiyofika bomba, na kabati moja la vioo linalofungwa kwa kufuli kubwa kuliko kabati lenyewe.

Mwalimu ni kijana mwembamba, mkuu wa idara na mjumbe wake wa pekee. Alikuwa anafundisha kaboni na maumbo yake. Almasi aliipita kwa sentensi mbili, hana ya kuonyesha. Kisha akatoa mfukoni jiwe jeusi lenye kung'aa, kubwa kama kiganja cha mtoto, akalipitisha dawati kwa dawati.

"Mshike, kisha mwenzako atazame vidole vyako."

Vidole vikawa vya kijivu cha kung'aa. Mmoja akajifuta kwenye shati jeupe, likaharibika, akapigwa kelele. Mwalimu akaandika kwa jiwe hilo kwenye karatasi nyeupe neno RUANGWA, akaliinua juu. Hicho ni kinywe, kile kinachotiwa ndani ya penseli, kinachotafutwa sasa na viwanda vya betri za magari ya umeme duniani, na ambacho kampuni za utafiti zimekuwa zikikichimbulia sampuli katika vilima vya wilaya hii miaka na miaka. Watoto wale wamekikanyaga tangu wanajifunza kutembea. Baadhi waliwahi kujipaka usoni wakicheza.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nifunge daftari langu nitazame tu. Alipasua betri iliyokufa ya tochi, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, akakiunganisha kwa nyaya na betri mbili nzima na kiglopu kidogo. Kiglopu kikawaka. Akakitoa kijiti, akaweka jiwe mahali pake. Hakikuwaka. Akasogeza waya upande wa pili wa jiwe, akasugua kidogo, akasogeza tena. Darasa lilikuwa limesimama lote, waliokuwa nyuma wamepanda madawati. Kikawaka, lakini kwa mwanga hafifu mno, wekundu wa kuviziwa, hadi msichana mmoja akafunika kwa viganja ili waone vizuri.

"Kwa nini ni hafifu?" mwalimu aliuliza kwa Kiswahili, kinyume cha kanuni.

Wakajibu wengi. Jiwe lina mchanga ndani. Halijasafishwa. Waya haujashika. Betri zimechoka. Akawaambia majibu yote waandike, na kesho kila kundi lije na njia ya kujua lipi ni la kweli. Nilipochungulia andalio lake la somo baadaye, kwenye safu ya umahiri mahususi aliandika maneno yaleyale ya mtaala, neno kwa neno. Safu ya zana: jiwe, betri, nyaya. Safu ya tathmini, inayojazwa baada ya kipindi, ambayo sisi wengine tulikuwa tukiijaza mapema "somo limeeleweka", yeye aliandika: "Hatujui bado."

Jioni tulikaa naye nje ya mgahawa, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga. Ghala la chama cha msingi lilikuwa jirani na watu walikuwa wamekusanyika wakisubiri taarifa za mnada wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mzee mmoja alikuwa anakokotoa makato kwa kijiti mchangani: bei ya mnada, toa ushuru, toa usafiri, zidisha kwa kilo. Hakukosea. Mwalimu alimtazama akasema kwamba somo la Hisabati lilikuwa linaendelea pale bila idara. Nikamuuliza atakaa Ruangwa muda gani. Watu humuuliza hivyo kila mwezi, alinijibu, na wengi humuuliza kwa huruma, kana kwamba yuko hospitali. Ana ofa mjini. Hajajibu. Anasubiri vijana wake wa kidato cha nne wamalize mtihani wa Novemba, na wale wa kidato cha tatu nao amewaahidi safari ya kwenda kuona miamba ya kinywe. "Ukiwa peke yako kwenye idara, ukihama umeifunga," alisema. Akanawa mikono akaenda kusimamia prepo.

Niliondoka Ruangwa alfajiri ya kesho yake hadi Nanganga, nikasimama njia panda kungoja basi la Dar. Ndani ya begi nilikuwa na korosho za mzee, karatasi iliyoandikwa RUANGWA kwa jiwe, na picha ya ile chati ya manila ya njano.

Kama umesomea ualimu wa Fizikia na unasubiri kupangiwa kituo, na jina lako likaja na Nachingwea au Ruangwa, usikimbilie kutafuta mtu wa kukuhamisha. Pakia vitu vyako. Chukua na betri mbili za tochi, nyaya na kiglopu. Jiwe utalikuta huko. Kijana wa kujitolea atakupokea stendi, na kwenye chati kuna kisanduku kinachosubiri jina la pili.